Vema ya Penseli

Ilikuwa ndogo kiasi kwamba punje ya mchele ingeifunika. Alama ya vema, ileile aliyokuwa akitutilia mwalimu kwenye daftari la hesabu, imepigwa kwa penseli pembeni mwa aya moja ya kijitabu cha mwaka 1909. Karatasi ilikuwa ya bei rahisi, imegeuka rangi ya chai iliyokolea, na kila nilipofunua ukurasa vipande vilidondoka mezani kama makombo ya andazi.

Nilikuwa nimebakiza maboksi mawili tu. Nikaisoma ile aya. Nikairudia. Kisha nikaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na kitu.

Wiki sita zimepita. Vema imegoma kutoka kichwani.

Mheshimiwa

Wanaonisoma humu wanajua nafanya kazi maktaba, huku South Carolina, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha ambamo nyaraka za zamani zinatunzwa kwenye ubaridi. Wasichojua ni kwamba mimi ni mtoto wa masjala. Ajira yangu ya kwanza, Songea, ilikuwa kupiga namba za folio kwenye majalada, na somo la kwanza nililopewa na karani mkuu ni hili: jalada lililopewa jina baya limepotea, hata kama liko kwenye rafu mbele ya macho yako. Huku nimepewa cheo kirefu kama treni ya mizigo. Kazi ni ileile.

Mwaka huu nilikabidhiwa maboksi 19 yaliyoshushwa kutoka darini kwenye nyumba ya zamani ya familia moja. Mwenye nyaraka alikuwa mwanasiasa, mjumbe wa seneti ya jimbo mwanzoni mwa karne iliyopita, mfuasi wa kufa na kuzikana wa Ben Tillman, aliyekuwa gavana kisha seneta wa jimbo hili. Jina lake nalihifadhi. Wajukuu zake wako hai, walinikaribisha kwa pai ya viazi vitamu, na mtu hachagui babu. Tumwite Mheshimiwa. Nadhani lingempendeza.

Alikuwa hatupi kitu. Risiti za mbolea, risiti za ng'ombe, vipande vya magazeti, barua za watu wakiomba wapewe ukuu wa posta ya kijiji, maana siku hizo posta ilikuwa ya chama kilichoshinda na kila mpiga kura alikuwa na shemeji asiye na kazi. (Msicheke. Tunajuana.) Barua alizotuma yeye mwenyewe alizitunza kwa njia ya wakati ule: barua ya wino mbichi inalazwa chini ya karatasi nyembamba iliyoloweshwa, kitabu kizima kinabanwa kwenye mashine ya chuma, wino unahamia. Nakala inatoka kinyumenyume, ndiyo maana karatasi yenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Unaisoma kwa mgongoni.

Karatasi zilizohitaji kukaa pamoja alizibana kwa pini za fundi cherehani. Pini iliyoota kutu haivutwi, ukiivuta inaondoka na neno. Unapenyeza kipande chembamba cha plastiki chini yake, unailegeza upande mmoja, unageuza, unailegeza upande wa pili. Siku nzuri natoa pini 40.

Na hupangi upya. Ukikuta risiti ya mnyama katikati ya barua za uchaguzi, unaiacha hapohapo. Huenda hapo ndipo palipokuwa mahali pake.

Niseme la ukweli: nilianza kumpenda. Ukikaa na mwandiko wa mtu miezi minne, unajua siku alizokuwa na homa. Alikuwa akimwandikia binti yake wa shule ya bweni habari za mbwa wa nyumbani, ukurasa mzima, mbwa kafanya hivi, mbwa kafanya vile, na mwisho anamwambia asisahau kuvaa sweta. Nilicheka peke yangu mle ndani. Nilimsimulia mume wangu mambo ya yule mbwa.

Halafu boksi la 17.

Aya yenyewe

Kijitabu ni hotuba ya Tillman. Alikuwa na jicho moja, la kushoto lilitolewa kwa maradhi akiwa kijana mwaka 1864, na ulimi uliomfikisha kokote alikotaka. Gavana kuanzia 1890, seneta wa Marekani kuanzia 1895 hadi alipokufa 1918. Mwaka 1900 alisimama ndani ya Seneti mjini Washington akasema kuhusu Weusi wa jimbo lake kwamba tulijaza masanduku ya kura, tuliwapiga risasi, na hatuoni haya. Kumbukumbu rasmi za bunge zikaandika, watu wakaenda kula chakula cha mchana.

Mwaka 1909, mjini Anderson, alihutubia wazee wenzake wa kundi la Wazungu wenye silaha lililojiita Mashati Mekundu. Wanakutana, wanakumbushana ujana. Akawasimulia Hamburg.

Hamburg ilikuwa mji mdogo kwenye ukingo wa Mto Savannah, ng'ambo ya Augusta, na baada ya utumwa kwisha uliendeshwa na Weusi wenyewe: askari wa mji Mweusi, hakimu Mweusi, kampuni ya wanamgambo Weusi chini ya mtu aitwaye Dock Adams. Tarehe 4 Julai 1876, Marekani ikitimiza miaka 100, wanamgambo hao walikuwa kwenye gwaride barabarani. Wazungu wawili ndani ya gari la farasi wakataka kupita katikati yao. Wakabishana, mwishowe wakapishwa. Kesi ikaenda kwa hakimu. Siku ya kusikilizwa, tarehe 8, waliofika ni mamia ya Wazungu wenye bunduki, na hitaji lao lilikuwa moja: wanamgambo wasalimishe silaha. Wakakataa, wakajifungia kwenye jengo lao. Mzinga ukavushwa mto kutoka Augusta.

Mzungu mmoja alikufa katika kurushiana risasi. James Cook, askari wa mji, aliuawa akikimbia. Usiku, mateka wakawekwa mahali pamoja, wakawa wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja, na kupigwa risasi.

Uchunguzi wa kifo uliwataja Wazungu 94. Hakuna hata mmoja aliyepanda kizimbani.

Tillman alikuwepo, umri wake miaka 28. Na kwenye ile hotuba ya uzeeni, kwenye ile aya yenye vema, anaeleza bila kuumauma maneno kwamba viongozi wa Kizungu wa Edgefield, kwao Tillman, walikuwa wameshakubaliana kabla: nafasi ya kwanza itakayotokea, wachokoze ghasia, wawape Weusi fundisho. Na kwamba walichokifuata Hamburg ni kutia hofu.

Pembeni yake, vema.

Ghasia

Jalada lililokuwa na kijitabu hicho lilikuwa na jina tayari, kwa wino, mwandiko wa kikarani: Ghasia za Hamburg, 1876.

Nililinakili kwenye orodha ya awali bila hata kufikiri. Orodha ya awali huwekwa mtandaoni mapema ili watafiti waanze kuona kuna nini, na kanuni ya kazi yetu ni kwamba jina alilolipa mwenye nyaraka haliguswi. Nilibofya, nikaenda nyumbani.

Ni baada ya vema ndipo lile neno lilianza kunikera. Ghasia hazina mwenyewe. Ghasia zinazuka, kama moto wa porini au kipindupindu. Ukisikia kulikuwa na ghasia mahali, huulizi nani kaua nani, unauliza zimetulia? Na hapa nina mtu aliyekuwepo, akisema mwenyewe, kwa chapa, kwamba ghasia zilikuwa mtego uliotegwa. Neno lililokuwa kwenye jalada ndilo lilikuwa mpango wenyewe.

Nikaanza kupekua majalada mengine kwa jicho jipya. Kuna moja limeandikwa Katiba, 1895. Jina safi, huwezi kulilalamikia. Ndani yake ni vipande vya magazeti vya mkutano ule ambao Tillman aliuitisha ili kuwaondoa Weusi kwenye kura, katika jimbo ambalo Weusi ndio walikuwa wengi. Hawakuandika neno Mweusi popote kwenye masharti. Waliandika kwamba mtu aweze kusoma au kueleza kifungu cha katiba hadi msajili aridhike, au awe na mali ya dola 300. Msajili alijua wa kumridhisha ni nani.

Wajumbe Weusi walikuwa 6 tu. Mmoja wao, Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa na mwaka 1862 akaiiba meli ya kivita ya mabwana kutoka bandari ya Charleston akiwa na familia yake ndani, alisubiri mpaka wajumbe walipofika kwenye kifungu cha kukataza ndoa kati ya Wazungu na Weusi. Akasimama akapendekeza nyongeza: Mzungu yeyote atakayekutwa anaishi na mwanamke Mweusi asishike tena madaraka ya umma, na mtoto achukue jina la baba na arithi mali yake. Pendekezo halikupita. Hebu fikiria nyuso mle ndani.

Yote hayo yamelala chini ya maneno mawili: Katiba, 1895.

Kuna mfano mwingine wa huku ambao sikuwa nimeutilia maanani. Tulsa, Oklahoma, mwaka 1921, mtaa mzima wa Weusi ulichomwa. Wenye nyumba walipoenda kudai bima, makampuni yakawaonyesha kifungu: hasara ya ghasia hailipwi. Na jina la tukio lilikuwa ghasia.

Simu ya Songea

Nilimpigia babu yangu, mdogo wake marehemu babu mzaa baba. Ana miaka 86, na simu anaishika mbali na sikio kama kitu kitakachomng'ata.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huko kumeshakucha?"

Nikamwambia kumekucha. Nikamuuliza, Wajerumani wale wa Vita vya Majimaji waliwaitaje watu wetu?

Ukisoma majalada ya Kijerumani pale Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, neno linalojirudia ni Aufstand. Uasi. Nimeshika orodha zake kwa mikono hii nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, na sikumbuki kama nilishtuka. Nilikuwa natafuta namba ya jalada, nikaipata, nikajaza fomu. Neno uasi lilikuwa mlango tu. Na hao waasi ndio wale zaidi ya 60 walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, ambao kila Februari tunawasomea majina juani, wazee na wanafunzi wenye sare.

Babu alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Uasi?" akasema. "Mtu anaasije nyumbani kwake?"

Kisha akaniuliza kama mume wangu amepata ile dawa ya mgongo, na hapo ikawa ndiyo mwisho wa habari za Wajerumani.

Penseli ya bosi

Nikaandika maelezo mapya ya jalada. Niliandika kwa hasira, na nilidhani ni uandishi mzuri. Sentensi ya mwisho ilisema: kijitabu kina alama ya Mheshimiwa ya kuunga mkono mauaji hayo.

Bosi wangu ni mama wa makamo, Mzungu wa hapahapa, ana miaka 30 kwenye kazi hii na tabia ya kusoma akiwa amesimama. Alisoma. Akachukua penseli, akakata sehemu mbili: Mheshimiwa, na kuunga mkono.

"Ulimwona ameshika penseli?"

Nikanyamaza.

"Huenda alikinunua kikiwa tayari na alama. Huenda ni mwanawe. Huenda ni mwanafunzi aliyekiazima mwaka 1950. Na hata kama ni yeye, alama inasema nini? Nakubali? Au hapa, nirudie hapa?"

Nilimchukia kwa muda wa kama siku mbili. Nilijiambia ndiyo walivyo, wanalindana mpaka kaburini. Nikampigia rafiki yangu wa Nairobi, tukamsema bosi wangu saa nzima, tukaridhika.

Lakini wapi. Siku ya tatu nilirudi kwenye maboksi, nikakusanya kila alama ya penseli niliyoiona tangu boksi la 1. Kuna vema kwenye orodha ya mbegu. Kuna vema kwenye tangazo la majembe. Kuna vema kwenye shairi la msiba la gazetini. Kama vema maana yake ni nakubali, Mheshimiwa alikubaliana na jembe. Tena nyingine zimepigwa kwa kalamu ya buluu na nyingine zina mkia mrefu, mkono mwingine kabisa.

Alikuwa amenishika kwenye jambo ambalo karani mkuu wa Songea angenishika nalo kwa maneno makali zaidi: niliandika nisichokiona.

Ila na mimi nilikuwa na langu. Nilimrudia nikamwambia, sawa, alama tuiache iwe alama. Lakini ghasia je? Yule karani aliyeandika ghasia, alikuwa anaandika alichokiona?

Akasema hilo ni jina la asili.

Nikasema aliyelitoa jina hilo alikuwa na haja nalo.

Hakunijibu. Aliondoka na karatasi yangu, na kwa bosi wangu hiyo ni dalili njema.

Clemson

Nilichukua likizo ya siku moja nikaendesha gari hadi Clemson, ambako nyaraka za Tillman mwenyewe zinatunzwa, kwenye chuo ambacho alikuwa mmoja wa wadhamini wake wa mwanzo. Nilitaka kuona wenzangu wanamhifadhije mkubwa wa Mheshimiwa wangu.

Nilijikuta natazama majengo kuliko makaratasi. Jengo kuu lenye mnara wa saa, matofali mekundu, linaitwa kwa jina lake. Majengo ya mwanzo ya chuo yalijengwa na wafungwa, wengi wao Weusi, wengine watoto kabisa. Mwaka 2020 bodi ya chuo iliomba bunge la jimbo iruhusiwe kurudisha jina la awali la jengo, maana kuna sheria ya mwaka 2000 inayozuia majina ya aina hiyo kubadilishwa bila bunge. Jina lilikuwepo nilipopita. Nyaraka zenyewe zilikuwa kwenye jengo lenye jina la Strom Thurmond, seneta wa miaka ya baadaye, naye mtoto wa Edgefield, ambaye baba yake alikuwa wakili wa Tillman. Edgefield ni kijiji kidogo sana kwa kazi iliyofanya.

Wahudumu walikuwa wakarimu, masanduku nadhifu, kila jalada na namba yake. Sina neno.

Nyuma ya uwanja wa mpira kuna kilima chenye makaburi, Woodland. Waheshimiwa wa chuo wamezikwa pale kwa mawe mazuri. Mwaka 2020 walipopitisha rada ya kuchungulia ardhini wakagundua kuna zaidi ya makaburi 600 yasiyo na alama, yanayodhaniwa kuwa ya watumwa wa shamba lililokuwa pale kabla ya chuo, vibarua wa baadaye na wafungwa waliojenga. Nilitembea kwa kunyata, kama mtu anayepita chumba walimolala watoto. Nilikuwa najaribu kukisia mistari ya makaburi ili nisikanyage, nikaona siwezi, popote ninapoweka mguu sina uhakika.

Niliporudi kwenye gari nilikaa dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Nilikuwa nawaza ule mfumo wetu mzuri wa namba, boksi, jalada, kipande. Tillman nina hakika nitampata hata nikiamshwa usiku wa manane.

Matokeo: 0

Kuna mzee huja maktaba kila Jumanne. Mmarekani Mweusi, kastaafu, kofia yake anaiweka kwenye goti anaposoma. Anatafuta ukoo wake. Mimi humwita bwana kwa Kiingereza cha heshima, kichwani namwita mzee, na mara mbili imenitoka mdomoni. Aliniuliza maana yake, nikamwambia, akasema basi endelea.

Jumanne moja nilikuwa nyuma ya bega lake namsaidia kompyuta. Akaandika Hamburg, akaongeza neno mauaji, akabofya.

Matokeo: 0.

"Nilijua," akasema, akafunika kalamu yake. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu aliyekuta duka limefungwa siku ambayo hufungwa.

Jalada lilikuwa hatua 20 kutoka pale alipoketi. Mimi ndiye niliyelinakili jina lake. Hakufikiria kuandika ghasia, na kwa nini aandike? Kwao, toka bibi yake, jambo lile halijawahi kuitwa ghasia.

Nilimwambia asiondoke. Nilikwenda nikamletea boksi lote la 17, bila fomu, jambo ambalo bosi wangu akisoma hapa tutazungumza.

Tulichoandika

Ilituchukua jioni tatu, mimi na bosi, tukigombania vivumishi. Alivifuta karibu vyote. Nilimshukuru baadaye, maana orodha iliyobaki haihitaji kusukumwa.

Jina la zamani limebaki, kwenye alama za nukuu, pamoja na maelezo kwamba ndivyo jalada lilivyokutwa. Juu yake sasa kuna jina jingine: Mauaji ya Hamburg, 8 Julai 1876. Chini yake, tarehe na mahali. Kisha majina: James Cook, Allan Attaway, David Phillips, Hampton Stephens, Albert Myniart, Moses Parks. Tumeongeza kwamba tahajia hutofautiana, kwa faida ya yeyote atakayeyatafuta kwa herufi za kwao. Na McKie Meriwether, yule Mzungu aliyekufa, naye yumo. Yeye mnara wake upo North Augusta tangu 1916. Kibao cha wale wengine kiliwekwa 2016.

Kisha mstari ninaoupenda kuliko yote, na ni wazo la bosi: angalia pia ushahidi uliotolewa mbele ya wachunguzi wa Seneti ya Marekani, 1876 na 1877. Kwa sababu Dock Adams hakunyamaza. Alinusurika, akaapa, akaeleza, na maneno yake yalipigwa chapa na serikali muda mrefu kabla ya kijitabu cha Tillman. Yalikuwa yanasubiri mtu aandike angalia pia.

Mwisho kabisa: ukurasa una alama ya vema kwa penseli, aliyeipiga hajulikani.

Na tarehe, na herufi za majina yetu, ili mtu wa baadaye ajue maelezo haya yalibadilishwa na nani, na atusahihishe akitaka.

Kwa mujibu wa makubaliano, familia ilipaswa kuyaona. Nilimtumia bibi, mjukuu mkubwa wa Mheshimiwa, yule wa pai. Wiki nzima kimya. Nilishaandaa hoja zangu, hata kioo kilishazisikia. Siku ya nane akapiga simu.

"Kuna kosa," akasema.

Nikavuta pumzi.

"Umeandika risiti za ng'ombe. Babu hakuwahi kufuga ng'ombe. Ni nyumbu."

(Yule chotara wa punda na farasi, si wa Serengeti.) Nikasema nitarekebisha. Nikasubiri. Akaniuliza kama viazi vile vinapatikana kwetu. Nikasema vipo, tena vizuri. Tukaagana. Kuhusu Hamburg hakusema neno, na mimi sikuuliza. Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi. Bosi ananiambia niache kuandika nisichokiona.

Nimerekebisha. Ni nyumbu.

Jumanne

Juzi mzee alirudi. Sikumwambia kitu. Nilijifanya napanga vitabu vya marejeo huku namwangalia kwa pembe ya jicho. Akaandika maneno yale mawili, akabofya, akainamia kioo.

Matokeo: 1.

Alijaza fomu safari hii, kila kisanduku. Nikamletea jalada, nikaliweka juu ya mito ya sponji, nikamfungulia kijitabu mimi mwenyewe kwa sababu ya yale makombo. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Alipofika kwenye ile aya akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Nani kaweka hii?"

"Hatujui, mzee."

Akatikisa kichwa. Kalamu za wino haziruhusiwi mle ndani, kwa hiyo nilimpa penseli yangu. Akafungua daftari lake, akanakili aya nzima neno kwa neno, mwandiko wa zamani ulioegemea kulia. Alipomaliza akarudi juu, akapima kwa jicho, na pembeni, mahali palepale, akachora na vema.

Kisha akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya wa daftari, na kuniuliza Dock Adams yuko boksi gani.